Herufi Zenye Buti

Barabara ya Nasser, ghorofa ya pili,
juu ya mashine inayochapa kadi za harusi na risiti,
nimekaa tangu asubuhi natafuta herufi
za kuvisha maneno ya mama.

Ssembuusi, mhariri, anataka za mlazo.
“Sauti ya mtu, Athieno, haisimami wima kama mlingoti.”

Nimejaribu zile nyembamba, zenye mikia:
zinayumba ukurasani kama wageni waliokwisha kunywa,
na mama hakuwa mtu wa mikia.
Nimejaribu za wima. Zikanitazama
kama foleni ya dirisha la benki.

Ndipo nikaipata hii.
Imeegemea mbele, lakini chini ina vibao,
visigino bapa, vizito, vya mraba;
kila herufi imevaa buti.

Nikasita.

Maana Kiswahili kwetu kiliingia na buti.
Kilisimama barabarani, kando ya gogo na pipa,
kikasema: Shuka. Fungua. Lala chini.
Mama alijifunza amri kabla ya salamu;
alijua “lete”
miaka mitatu kabla hajaijua “karibu”.
Hata leo, ukikisema Nakasero sokoni,
kuna atakayeubana mkoba wake.

Na bado ni kwa lugha hiyohiyo,
uzeeni, kule Tororo, jiko la mkaa katikati yetu,
alinisimulia yote, neno kwa neno,
kama anayechambua mchele.
Nikamuuliza: kwa nini si Dhopadhola?
Akapuliza mkaa kwanza.
“Waliokuja usiku ule hawakuijua Dhopadhola.
Nataka wasome wenyewe.”

Naikuza herufi hadi ijae kioo.
Hii k inasukuma mlango kwa bega,
mguu mmoja nyuma.
Hii g imeshusha kapu lake chini ya mstari.
Na a, tazama a,
imeinama kama mtu anayefunga kamba za kiatu cha mtoto.

Buti ni zilezile, sikatai.
Ila yule wa kizuizini hakuinama.
Anayeinama ndani ya buti
ni mtu wa jembe, matope yakimvuta,
au yule anayeisukuma baiskeli kupanda kilima,
magunia mawili ya mihogo, na la tatu juu.

Basi amri nimeziacha wima,
peke yake kila moja, na weupe kuizunguka.
Yaliyobaki, kurasa tisini na zaidi,
yanaelekea mbele.

Ssembuusi amechungulia begani kwangu.
Ameuliza zitakula kurasa ngapi zaidi.
Nne, nimemwambia. Visigino vinataka nafasi.
Ameguna, akashuka kuulizia bei ya karatasi.

Umeme umeyumba, ukarudi.
Nimefungua sura ya pili,
na kwenye mstari wa kwanza kabisa
mama ameandika “karibu”
kwa r mbili.
Sijaifuta.