Daftari la Matukio, Bahi

Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri.
Baba ameamka. Najua kwa kikohozi,
kisha kwa buti: moja, kimya, la pili.
Miaka saba tangu arudishe sare,
ahesabiwe mkanda, kofia, filimbi,
atie saini kwamba hadaiwi na serikali.
Yeye ndiye anayeidai: nauli ya kusafirisha mizigo.
Faili, anaambiwa, limehamia Dodoma mjini,
limerudi, limehamia tena.
Mabuti waliyasahau.

Mezani kuna daftari la kava gumu.
Amelipiga mistari kwa rula kama lile la kaunta:
Namba. Saa. Tukio. Hatua iliyochukuliwa.

    Na. 212. Saa 12:05. Jogoo wa Mama Ndalu ameingia kwetu.
    Ameonywa. Ameachiwa.
    Na. 213. Saa 1:30. Treni ya mizigo imepita kwenda Manyoni.
    Haikupiga honi.
    Na. 214. Mke wangu angetimiza leo miaka sitini na mmoja.
    Hatua: hakuna.

Ukimuuliza alikamata wezi wangapi
anakuuliza mashahidi wako wapi.
Maisha yake nimeyaokota vipande vipande:
mimi nilizaliwa kota za Itigi,
mdogo wangu kota za Kondoa,
wa tatu njiani, ndani ya lori,
juu ya magunia ya uhamisho.

Siku moja mvua ilitufungia ndani,
akasema bila kuulizwa:
“Themanini na tatu. Stesheni ya hapa hapa.
Nilimkamata mtu na vipande sita vya sabuni
na doti moja ya kanga, haijakatwa.”
Akanyamaza. Bati likapigwa na mvua.
“Kanga ilikuwa ya harusi yake. Alisema.
Mimi niliandika: Mtuhumiwa
ameshindwa kutoa maelezo.”

Sasa ni katibu wa zamu za maji
kwenye skimu ya mpunga.
Walimchagua kwa kunyoosha mikono
kwa sababu, walisema, hana rafiki.
Anatembea juu ya matuta na saa yake ya mkononi:
lango la kwanza saa mbili, la pili saa mbili,
na mheshimiwa mwenye trekta naye saa mbili.

    Na. 340. Bahasha. Haikufunguliwa.
    Imerudishwa mbele ya mtoto wake.

Lango la saba ni la Lechipya Masima.
Miezi kumi na minane alikaa ndani
kwa ile sabuni. Harusi aliifunga
mtu mwingine.
Hawapeani mkono. “Mbukwenyi,”
mmoja huitupa, mwingine huiokota,
kila mtu na tope lake.

Juzi Jumanne usiku nikampelekea baba chai.
Alisimama lango la saba, kurunzi imezimwa.
Zamu ilikuwa imekwisha,
na maji bado yanaingia kwa Lechipya,
yananong'ona kwenye mashina ya mpunga.
Baba huyu, aliyewahi kunichapa kwa dakika tano!
Akaitazama saa. Akaivua.
Akaitia mfukoni.

Ng'ambo ya tuta, Lechipya na jembe begani.
Hakusema asante.
Alisema, “Funga, afande.
Hiyo ni zamu ya watu.”

Baba akainama, akafunga.
Mikono yake ilichukua muda
kuliko kazi yenyewe.
Chai ilipoa kwenye chupa niliyosahau kuifunika.

Asubuhi nililifungua daftari. Mwizi ni mimi.

    Na. 371. Saa 4:20 usiku. Lango la saba.
    Maji yamezidi dakika ishirini na mbili.
    Mtuhumiwa: D. 4471, Sajenti mstaafu.

Hapo kalamu ilikuwa imesimama,
wino umefanya duara dogo kama jicho la kuku.
Kisha mwandiko wa kaunta, umenyooka:

    Ameshindwa kutoa maelezo.

Safu ya hatua ameiacha wazi.

Nje, jogoo wa Mama Ndalu ameingia tena.
Nasikia buti: moja,
kimya,
bado nasubiri la pili.