Goti la Kushoto

Mimi ni fundi pancha, Nkuhungu, jirani na mashine ya kusaga.
Kazi yangu ni matundu.
Tyubu naizamisha kwenye beseni, nangoja itoe povu,
napiga msasa, gundi, kiraka, nagongagonga kwa nyundo.
Mia tano. Haya, twende.

Na nyumbani vilevile. Mama yao hutoka alfajiri
kufua mashuka ya hosteli kule kilimani,
kwa hiyo magoti yote ya nyumba hii yamepita mikononi mwangu:
Sechelela na kizingiti, Sechelela na mwiba wa mgunga
(niliutoa kwa pini ya mama yake, akaning'ata bega),
Nhonya na mlango wa choo,
Nhonya na jiko, Nhonya na jogoo wa jirani.
Maji ya chumvi. Jivii. Kitambaa. Napuliza.
Namjua anayelia kabla ya dawa
na anayengoja kwanza iguse.

Januari, Sechelela akaanza la kwanza.
Sketi tulinunua ya kukulia, pindo vidole vinne,
viatu tumevishindilia gazeti mbele.
Usiku mvua ilikuwa imenyesha; udongo mwekundu
ukambadilishia soksi kabla hatujafika kona.
Kwa muuza karanga akasimama.
"Baba, ishia hapa. Wenzangu wanakuja peke yao."
Nikaishia hapo. Nikainama kukagua tairi la mtu.
Mtu mwenyewe hakuwa na shida yoyote.

Nhonya kutwa nzima alikalia ndoo iliyofudikizwa,
kila mteja anamuuliza: "Shule inafungwa lini?"
mpaka mmoja akamjibu, "Desemba,"
ndipo akaangua kilio kama aliyechomwa.

Jumatano akarudi anachechemea,
lakini kwa madaha, kama bibi harusi.
Goti la kushoto limefungwa.
Si kwa kitambaa chetu. Hiki kina maua madogo ya njano
na fundo bapa, zuri,
fundo ambalo mimi sijui linavyofungwa.
"Nilianguka mstarini. Mwalimu Mnyawami akaniosha.
Halafu Tabu akanipuliza."

Tabu ndiye nani?

"Tabu," akasema,
kama umemuuliza jua ndiyo nini.

Nikaleta beseni. Nikaleta chumvi. Nikapiga magoti.
"Hebu nione."
"Mwalimu amesema kisifunguliwe mpaka kesho."
"Mimi ni baba yako."
"Ndiyo, Baba. Lakini amesema."

Beseni limekaa katikati yetu, maji yanapoa,
hakuna hata povu moja
la kunionyesha pa kushika.

Nhonya ndiye aliyeniokoa. Akaja, akanyoosha mguu,
goti zima, jeusi, linang'aa kama limepakwa mafuta.
"Na mimi."
"Wewe umeumia wapi?"
Akawaza.
"Hapa. Kesho."

Basi nikaliosha goti la kesho,
taratibu, kwa chumvi yote niliyoiandaa,
nikachana kipande cha shuka kuukuu, nikafunga
fundo langu lile lile la kufungia mzigo kwenye keria.
Sechelela alitazama. Akanionea huruma,
ile huruma ya mtu aliyesoma siku tatu.
"Baba, sivyo. Lete kidole."

Akachukua hiki, nilichokwaruza kwa msasa asubuhi.
Sikuwa nimemwambia mtu.
Kushoto juu ya kulia, kulia juu ya kushoto, usivute sana;
anafunga huku ulimi unachungulia kwenye pengo la jino.
Kisha akapuliza.
Kulikuwa na mate kidogo. Kuliuma. Kukaacha.

Kisha akataka mia mbili ya karanga,
zake na za Tabu.