Kisanduku cha Bwana Garside

Alikuja Jumanne, mvua ya Sheffield ikimchuruzika kofiani,
amekumbatia soksi.
Soksi kumi na mbili za sufu, na ndani ya kila moja
kalamu ya wino, imelala kama mtoto mwenye homa.
"Zinagongana kwenye droo, mpenzi," akasema.
(Mji huu hata kondakta wa tramu hukuita mpenzi;
usivimbe kichwa.)

Nikazitoa moja moja juu ya meza ya randa.
Sikuuliza thamani. Nilipima.
Hii nyeusi, nene, kifuniko milimita kumi na tano,
kitako kina alama za meno: mwenyewe hutafuna akiwaza.
Hii ya kijani, nyembamba kama njiti ya mshikaki.
Hii klipu imepinda kwa kuning'inia miaka thelathini
katika koti la msoma mita za gesi.
Pima kalamu za mtu, utamjua kuliko daktari wake:
nibu iliyolika upande mmoja tu,
wino ulioganda shingoni, buluu iliyochakaa ikawa kijivu,
barua fulani, pengine, iliyoachwa katikati.

Mbao nilikuwa nazo: mwaloni wa benchi la kanisa,
kanisa ambalo sasa vijana hukwea kuta zake kwa kamba.
Juu uling'arishwa na makalio ya waumini.
Ndani, randa ilipoufunua,
ulinuka siki na chai kavu.

Nilipodhani tumemaliza, akaingiza mkono mfuko wa ndani.
"Na hii."
Penseli ya seremala. Bapa, nyekundu,
imechongwa kwa kisu, fupi, milimita sabini na moja.
"Ya baba. Alitengeneza madirisha, Attercliffe.
Kalamu ya wino hakuwahi kushika."
Akatazama sikio langu, ilipokuwa imechomekwa yangu,
bapa, nyekundu.
Hatukusema kitu.

Siku nne bandani, hita ya mafuta ikikohoa.
Kona nilizikata meno, zikaumana bila msumari.
Mifereji kumi na miwili, patasi ya duara, msasa, mahameli,
kila kalamu na kitanda chake, hakuna kinachopwaya.
Ukafika wa kumi na tatu.
Penseli yangu ilikuwa imeangukia kwenye maranda.
Nikachukua iliyokuwa karibu.

Mstari wa kwanza ulikwishapita nilipotambua.
Na ilikuwa butu. Na mkono wa fundi hauombi ruhusa:
kisu, mizunguko miwili,
vipande vyekundu vikaruka sakafuni.
Nikapiga magoti na tochi ya simu nikiviokota,
kama vile gundi ingeweza kurudisha.
Sitini na nane.
Mfereji nilikwishauchora wa sabini na moja.
Nikaukata hivyohivyo.

Aliporudi nilimwambia kabla hajafungua.
Maneno yalinitoka yakiwa yamepinda, kama ubao mbichi juani.
Hakujibu. Alifungua, bawaba hazikulia.
Alipitisha kidole kwenye nta, akafunga,
akainua kisanduku sikioni, akakitikisa.

Kumi na mbili, kimya.
Moja: tok.

Akatikisa tena. Tok.
"Nitatia kipande cha mahameli," nikasema, "dakika tano tu."
"Usiguse."
Kisha, amenigeuzia mgongo, akifunga vifungo vya koti:
"Ulipoichonga, ilichora?"
"Ilichora."
"Vizuri?"
"Vizuri kuliko yangu."

Akalipa kwa noti, akakataa chenji,
akaziacha soksi zote mezani.
Nikamsikia akiuteremka mtaa, ule mteremko mkali
unaowafanya hata vijana watembee kwa visigino,
tok, tok,
mpaka kona ya kinyozi.