Dakika ya Tatu

Fadimula, mwenye kibanda cha video pale Oli, Arua,
alinipa daftari la kurasa tisini na sita
na kalamu ambayo tayari ilikuwa inavuja.
"Filamu zimefika tano," alisema, "na watu wananiuliza
haya machuma yalikuwa wapi kabla ya ile ya kwanza.
Wewe ulisoma. Andika yaliyotangulia.
Nitatoa nakala, tuuze mlangoni, mia tano mia tano."

Filamu yenyewe unaijua hata kama hujaiona:
mwaka ambao haujafika, mashine zimechoshwa na watu,
zinatuma moja yao irudi nyuma,
ishuke na mvua, bila nguo, bila haraka,
imuue mwanamke kabla hajazaa.

Lakini kabla ya mwanamke, dakika ya tatu,
yuko mlinzi wa ghala.
Ana tochi. Anasema, "Nani huko?"
Basi.
Sekunde kumi na moja. Nilizihesabu.
Na mwishoni, majina yakipanda
huku watu wanatafuta ndala zao gizani,
ameandikwa: Mlinzi.

Nikamchukua huyo.

Nikamwita Drani, jina ambalo kwetu
mtoto hulipata akizaliwa nyumba ikiwa ina msiba.
Nikampa mama mpika kwete upande wa Ediofe,
kovu la goti alilolipata kwenye mawe ya mto Enyau,
deni la elfu nne kwa fundi wa baiskeli,
na tabia ya kuzima tochi
akipita penye mwezi, kuokoa betri.
Ukurasa wa arobaini nikampa mke, Ayikoru,
anayecheka kwa pua.
Ukurasa wa sitini, Ayikoru akaanza kula udongo.

Hapo kalamu ikawa nzito.

Ile mashine ikirudi nyuma inaweza kuharibu au kuponya,
ndiyo maana tunalipa kiingilio.
Mimi nikirudi nyuma nakuta mlango umefungwa:
filamu ilishapigwa, maji yalishamwagika.
Nikamlipia Drani deni la baiskeli
na baiskeli ndiyo ikamfikisha kazini mapema.
Nikamgombanisha na mkewe abaki nyumbani kusuluhisha,
akaondoka kwa hasira, hata chai hakunywa.
Usiku mmoja nikampa malaria,
malaria nzito, ya kulazwa, ya dripu mbili.
Fadimula alisoma, akapiga mstari mwekundu.
"Huyu akilazwa," alisema,
"nani atauliza Nani huko?"

Nikafuta malaria.
Nikaandika mvua inaanza.
Nikaandika anafunga kitufe cha juu cha koti,
na hapo daftari likaisha, ama nilisema limeisha.
Zilikuwa zimebaki kurasa mbili.

Tuliuza nakala ishirini na tisa.

Jumamosi wakairudisha filamu ya kwanza.
Jenereta linakohoa nje, harufu ya mihogo ya kukaanga,
Anguyo amekaa na maikrofoni yake, anatafsiri,
anapiga chumvi kama kawaida yake.
Mvua ikaanza kwenye skrini.
Ghala. Tochi.
Mtu benchi la nyuma akasema, si kwa sauti kubwa,
"Drani, usitoke."
Mwingine: "Rudi nyumbani, wewe, mke ana mimba."
Kijana mmoja akasimama kabisa, akazuia taa,
wakamvuta shati akakaa.

Akatoka. Hutoka kila mara.
Midomo ikafunguka kwa yale maneno mawili
na Anguyo, ambaye hajawahi kukosa neno
hata kwa filamu za Kichina,
akashika maikrofoni bila kusema.
Kisha, kwa sauti ya chini, ya mtu anayetoka kazini:
"Ayikoru, funika chakula. Nakuja."

Mashine ikafanya iliyotumwa.

Jumatatu Fadimula alikuja na daftari jipya,
safari hii la kurasa mia na ishirini.
"Sehemu ya pili," alisema. "Yule dada wa pale kituo cha mafuta."
Nikamuuliza, huyo anakufa dakika ya ngapi.