Mtu wa Kuarifiwa

Uliondoka Jumanne, Luhende, na begi lako la kijani,
ukaniachia funguo mbili, mkopo mmoja,
na kopo la biskuti limesheheni makaratasi.
"Kila kitu kimo humo," ulisema.
Kila kitu, kasoro mpangilio.

Usiku ule, watoto wamelala, niliyamwaga sakafuni
nikayachambua kama dagaa:
hili kavu, hili bichi, hili limeshaoza.
Risiti ya mabati ya mwaka tuliohamia Nyakato.
Kadi ya kliniki ya Limi; mgongoni umepiga hesabu ya saruji.
Mkataba wa kiwanja cha Kishiri:
muuzaji ametia dole gumba,
na shahidi wa pili, nimeulizia, alishazikwa.
Kisha, kati ya bili ya maji na bili ya maji,
bahasha nyeupe iliyogandishwa kwa gundi,
kwa mwandiko wako wa herufi zilizosimama mguu sawa:
Ifunguliwe endapo.
Endapo nini, hukumalizia.
Nayo nikaipa fungu lake, peke yake.

Benki, dada wa dirisha la tatu
aliniambia kwa upole wa kufundishwa,
"Mama, mwenye akaunti aje mwenyewe."
Nikamjibu, mwenye akaunti analinda amani ya watu wengine.
Akatazama kompyuta. Mfumo hauna kitufe hicho.

Nikapanda ngazi hadi kwa wakili Rweyongeza
na ile hati ya uwakilishi uliyoisaini juu ya goti,
gari la kambi likiunguruma nje.
Aliisoma kama daktari anayesoma majibu ya kipimo.
"Tarehe haipo. Tena kaandika kiwanja, hakuandika akaunti."
Kumbe hata kuaminiwa kuna vifungu!
Ardhi naruhusiwa kuiuza.
Ada ya shule siruhusiwi kuitoa.

Nikiri jambo moja.
Sahihi yako naiweza.
Ile L iliyoinama kama mtu anayechota maji ziwani,
ule mkia unaojirudia,
zile nukta mbili ambazo hata wewe hujui ni za nini.
Niliijaribu nyuma ya risiti ya luku mara tano,
na ya tano ilikuwa wewe mtupu.
Nikaitia jikoni, ikachemsha chai.
Jela sikuiwaza.
Niliogopa nitazoea kuwa wewe.

Jumamosi ukapiga kwa simu ya kuazima,
sauti inakuja vipande vipande:
"Hati... ya kiwanja... ume..."
Ipo, nimeifunga kwenye nailoni, mvua haitaifikia.
"Kodi ya... ardhi..."
Nimelipa.
Kukawa kimya, nikasikia unapumua.
Wenzangu huitwa mpenzi. Mimi huulizwa kodi ya ardhi,
na ninaelewa.

Leo wametuita kambini, fomu mpya, nakala tatu.
Nikaomba kuiona ile ya zamani.
Kipengele cha saba, mtu wa kuarifiwa:
mama yako, Kwandu, na namba yake ya simu.
Mama tuliyemzika Magu masika mawili yaliyopita.
Luhende, muda wote huu
jeshi lingempigia marehemu.

Nikaandika jina langu kwa herufi kubwa.
Mara tatu, maana karatasi ya kunakilishia imeisha.
Dirisha lilikuwa wazi upande wa ziwa,
wale wadudu wadogo wakaingia kama moshi,
mmoja akatua penye wino ambao haujakauka,
karani akagonga muhuri juu yake.
Yumo sasa, mabawa na yote, katika nakala ya tatu.

Karani hakumwona.
Alikuwa ananyooshea kidole namba yangu.
"Hii huwa hewani?"
Usiku na mchana, nikasema.