Chafya Iingiayo Ndani

Saa tisa usiku, Kuopio,
theluji imefika dirishani.
Nappi kasimama katikati ya zulia,
shingo mbele, viwiko nje,
anaivuta hewa
kama bawaba isiyoonja mafuta:
khrrr, khrrr, khrrr.

Tuulikki hakurupuki tena.
Mwaka wa kwanza alikimbia na soksi moja
hadi kwa daktari wa mifugo;
mbwa akafika mzima, anatikisa mkia,
kamuaibisha.

Sasa anapiga goti, lile bovu,
anaziba tundu za pua, kidogo tu,
anapapasa koo kuelekea chini:
meza, mzee wangu, meza.

Nappi anameza.
Anapiga mwayo, anaenda kunywa maji.

Tuulikki bado yuko chini,
vidole vina ute,
kasahau kushusha pumzi.