Fomu ya Dayosisi

Fomu imekuja na boti ya mizigo, imekunjwa
ndani ya Biblia ya fundi injini.
Wanataka historia ya kanisa la Rutare
kabla ya tarehe kumi na tano,
na kila swali wamelipa mstari
mfupi kuliko dagaa mkavu.

Mwaka wa kuanzishwa.
Daftari la kwanza mchwa walilila hadi ukurasa wa tisa,
kwa hiyo sisi tunaanzia wa kumi,
katikati ya sentensi: “naye akalipa kuku wawili.”
Nani, kwa kosa gani, hatujui.
Deni limekwisha.

Mwanzilishi. Najua jina mnalolitaka.
Yuko pale nyuma, chini ya minyaa,
Mzungu aliyeishi nasi wiki kumi na moja,
saba kati ya hizo kitandani, na homa.
Kaburi lake tunalipalilia kila Pasaka; hakutukosea.
Ila bibi yangu alikuwa akimtaja Bitota,
mchuuzi wa chumvi ya Uvinza,
aliyevuka na mizigo miwili
chumvi yake kaifunga kwa kurasa za Luka.
Watu walinunua chumvi, wakabaki na karatasi.
Mjua herufi alikuwa mmoja tu, Ruhaga, mpagazi
aliyejifunza Ujiji kuhesabu pembe za watu wengine.
Akawasomea wakila.
Mwana mpotevu akafika kwa nguruwe,
akatamani maganda,
ukurasa ukaishia hapo.

Miaka minne kijana yule alikaa zizini,
kisiwa kizima kikimngoja,
hadi Bitota aliporudi na chumvi nyingine
na baba akatoka mbio ndani ya kifurushi.

Andikeni Bitota.
Hakubatizwa. Andikeni hivyo hivyo.

Idadi ya waumini inategemea mwezi.
Usiku wa giza wanaume wako majini na taa zao,
kanisa ni la akina mama na kikohozi cha watoto.
Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawapandi,
wanaume wote huokoka.
Mwaka ule watu walipovuka usiku kutoka ng'ambo,
karani Gwimo hakujua aandike safu ipi, akaandika:
“Waliolala, 214. Walioimba, hakuna.
Mabenchi yaliyopikia uji, 9.”
Mahubiri mafupi kuliko hayo sijayasikia.

Mnauliza kama kuna migogoro.
Upo mmoja. Maji kiasi gani yanamtosha mtu kubatizwa,
kiganja, au mwili mzima?
Kwa hilo Zefania Bukuru aliondoka
na nusu ya kwaya na ngoma kubwa,
akajenga upande wa mashariki,
na dada yake Eunike akabaki huku.
Miaka kumi na saba hawakuombana hata moto.
Kisha ziwa likapanda.
La kwao likalimeza lote, pamoja na mlango wa bluu;
kwetu likaingia, likapita benchi la kwanza, la pili,
likapanda madhabahuni.
Jumapili ile Zefania alitokea mlangoni,
ngoma kichwani, maji kiunoni.
Hakuna aliyetaja kiganja.
Eunike akasogea.
Basi. Akasogea kidogo kwenye benchi.

Hali ya jengo:
mawe ni ya ufukweni, bati ni za migebuka,
kengele ni kipande cha reli.
Kilitokaje stesheni ya Kigoma, hamkuuliza,
nami nawashukuru.
Maji yamerudi kwao. Yameacha mstari ukutani,
usawa wa kifua cha mtu mzima,
na watoto hujipima hapo kila mwisho wa ibada.
Vijana wameleta chokaa waufute.
Nimeificha chokaa.

Sahihi yangu ni hiyo. Mistari haikutosha,
geuzeni nyuma.
Palipoandikwa “Muhuri” nimegonga dole gumba:
muhuri wenyewe uko ziwani,
huenda samaki fulani
sasa ni mali ya ushirika.